Mhogo Mchungu na Ukurasa wa Sita

Kwa miaka mingi nilikusanya maarifa ya mapishi ya Wasukuma na kuyaweka katika tovuti niliyoijenga mwenyewe, nikiamini kwamba jambo lililothibitishwa litasomwa kwa kuwa limethibitishwa. Imani hiyo ilinitoka jikoni kwa jirani yangu, hapa mtaani Kiseke.

Yeye ni mwalimu wa chekechea, mgeni katika kanda hii. Nilimkuta akimenya mhogo alioununua sokoni Buzuruga, simu imeegemezwa kwenye bakuli, wanawe wawili wakingoja mezani.

“Shikamoo, mzee wangu. Karibu, leo unakula kwangu.”

“Marahaba, mama.” Nikakata ncha ya mhogo, nikaigusisha ulimi, nikatema. “Huu ni mchungu. Unaupikaje?”

“Nachemsha tu. Simu imesema, tena ndiyo jibu la kwanza kabisa.”

Nikauzima moto uliokuwa tayari chini ya sufuria. Mhogo wa aina hiyo hulowekwa siku kadhaa, huvundikwa, huanikwa hadi ukawa udaga, mhogo mkavu wa kusagwa unga. Ukichemshwa tu, unaweza kumdhuru mlaji.

“Yote hayo nimeyaandika,” nikasema.

Akatafuta. Tuliikuta tovuti yangu ukurasa wa sita wa matokeo. Akasoma kichwa kwa sauti: “Juzuu ya Pili, Sura ya Tatu.” Kisha akacheka hadi akaweka kisu chini. “Mzee wangu, mwenye njaa anatafuta Sura ya Tatu?”

Kicheko hicho nilikistahili. Hata hivyo sikubali, wala sitakubali, kwamba nafasi ya kwanza ni hati ya ukweli. Mtambo wa utafutaji haujaonja mhogo. Hulinganisha maneno ya muulizaji na maneno ya ukurasa, na hutazama ni tovuti ngapi zinazomwelekeza msomaji huko. Aliyeandika uongo kwa maneno yanayoulizwa alinitangulia, nami nilimwachia njia.

Mpwa wangu, fundi wa kompyuta, alinishauri niandike kwa Kiingereza na nifute tanbihi. Nilikataa yote mawili: aliyeshika kisu jikoni huuliza kwa Kiswahili, na anastahili kujua nimeyapata wapi ninayomwambia. Nilichobadili ni vichwa. Sura ya Tatu sasa inaitwa “Mhogo mchungu unaandaliwaje usidhuru?”, na jibu, ambalo lilikuwa limejificha nyuma ya aya tatu za asili ya neno udaga, linaanza mstari wa kwanza.

Juzi jirani aliniletea simu. Tumefika ukurasa wa pili. Jibu la kuchemsha tu bado liko juu.

“Si haba, mzee wangu.”

“Ni haba,” nikamjibu. “Nani hufungua ukurasa wa pili, sufuria ikiwa motoni?”

Nikarudi mezani kuandika.