Anatafutwa Mtu wa Kompyuta

Kwetu Kaloleni, ukitaka fundi wa bomba, yaya au hata jogoo wa kununua, unampa katibu wa kanisa kikaratasi naye anakisoma Jumapili baada ya sadaka. Kwa hiyo nilipohitaji mtu wa kuandika programu sikujisumbua. Niliandika mstari mmoja, "Anatafutwa mtu wa kompyuta," nikaona nimemaliza.

Nilikuwa na haraka, jamani. Mimi na rafiki yangu, tuliyekua naye mlango kwa mlango, tulikuwa tumewaundia mafundi cherehani wa Shauri Moyo programu ya simu ya kuhifadhi vipimo vya wateja. Halafu mwenzangu akapata kazi Ujerumani akaenda zake, na programu nayo ikaanza kuchanganya watu. Mzee mmoja wa kanisa alishonewa suruali ya mjukuu wake. Mwenyekiti wa mafundi aliniambia wazi: isipotengenezwa kabla ya msimu wa sare za shule, wanarudi kwenye madaftari yao. Hapo kazi yetu yote ingekuwa imekwisha.

Jumatatu asubuhi mlango wa Mama ulijaa watu. Mmoja alibeba printa iliyogoma, akidhani mimi ndiye fundi. Mwingine alikuwa bingwa wa kuuza sinema kwenye flashi. Jirani alimleta mwanawe kwa sababu, alivyosema, huyu anashinda kwenye simu kutwa, lazima atajua kitu. Niliwanywesha chai wote, nikawaaga kwa adabu, nikaingia ndani nimefura.

"Usiwanunie," Mama akasema. "Umeita watu, wamekuja."

Haya. Kama ni kueleza, nitaeleza. Niliketi nikaandika tangazo refu la kuweka kwenye kundi la WhatsApp la watu wa fani yetu. Nilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi na programu za vipimo vya mafundi, ilhali ninayoijua duniani ni yetu tu. Awe anawajua mafundi wa Shauri Moyo kwa sura. Awe anaandika haraka, anacheka akikwama, hakasiriki akiamshwa, na anapenda lugha ileile ya programu tuliyotumia, si binamu yake. Nililisoma mara mbili nikajipongeza.

Kimya. Siku zikapita, sikupata hata wa printa. Mwishowe mmoja akaniandikia, "Niaje buda, huyu mtu yuko kweli?"

Nilimpa Mama simu asome lile tangazo, nikitegemea aniunge mkono. Alivaa miwani, akasoma polepole mpaka chini.

"Umesahau kuandika awe na mwanya," akasema, akanirudishia simu.

Nilicheka, kisha nikalisoma tangazo langu upya. Rafiki yangu ana mwanya. Nilikuwa nimemkosa vibaya sana, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Mama alirudi kuchambua mboga zake bila kuniangalia.

Nikafuta yote. Nikaandika: "Programu ya mafundi cherehani inachanganya vipimo vya wateja. Anatafutwa anayeweza kuitengeneza kabla shule hazijafunguliwa. Lugha iliyotumika ni hii, malipo ni haya. Ukijua lugha nyingine, njoo tuzungumze."

Akaja dada mmoja kutoka Mbotela. Hakuwajua mafundi, na alipokwama hakucheka, alinuna kabisa na kuniambia ninyamaze. Lakini jioni ile alinionyesha: wateja wawili wakiwa na jina moja, programu iliwafanya mtu mmoja. Akaitengeneza, nasi tukawapigia mafundi simu palepale, msimu ukiwa bado haujaanza.

Mama alimletea chai kwenye kikombe cha rafiki yangu, akatia vijiko vitatu vya sukari kama alivyozoea kumtilia yule mwingine. Dada akaonja, akakiweka mezani taratibu.

"Samahani, Mama. Mimi hunywa bila sukari."

Mama alisimama kidogo akikitazama kile kikombe. Kisha akakichukua, akanipa mimi, akaenda jikoni kumtafutia mgeni kingine.