Shimo Kando ya Kaburi la Baba

Watu wa mbali wakisikia Musoma kuna reli wanacheka. Ipo. Ni kipande kifupi tu pale bandarini, kinashuka mpaka majini, kilichowekwa kwa ajili ya mabehewa yaliyokuwa yakiletwa na meli. Baba yangu alifanya kazi pale. Meli ikifika, yeye na wenzake wanayatoa mabehewa, wanayapakia mengine, wanayafunga minyororo yasije yakacheza ziwani, halafu anarudi nyumbani ananuka grisi. Honi ya meli ilisikika mji mzima. Mama alikuwaga anainjika maji ya ugali kwa honi hiyo, wala haangalii saa. Baadaye meli zikapungua, mabehewa yakakoma, mbuzi wakawa wanalala katikati ya reli. Baba akastaafu, akarudi kwao upande wa Butiama, na mpaka anakufa alikuwa anasema treni yenyewe itakuja, itatokea Arusha, itapita nyuma ya nyumba yake. Tulimwacha aseme. Mzee akipenda kitu utamfanyaje?

Basi watu wa sevei, wale wapima njia ya reli, walipokuja kweli, walipita nyuma ya nyumba yake.

Mimi naishi Nyakato, hapa hapa Musoma, nashona nguo. Nina roho ya wasiwasi toka utotoni. Simu ikilia kabla sijanywa chai, mwenzenu nimeshazika mtu. Asubuhi hiyo ililia, na alikuwa mama.

"Wamechimba," akasema.

"Nani wamechimba nini?"

"Watu wa reli. Wamechimba kando ya baba yako. Upande wangu."

Kwetu mume na mke wanazikwa nyumbani kwao, ubavu kwa ubavu. Pale kando ya kaburi la baba mama alishajiwekea nafasi yake, na kila Jumamosi alipafagia, maana alisema hataki kuja kulala kwenye takataka. Vijana wa sevei wakaona mahali pasafi, hapana mihogo wala mahindi, wakasema hapa hatutaharibu shamba la mtu. Wakachimba shimo la kupimia udongo. Urefu wake na upana wake, jamani, ni ule ule mnaoujua. Injinia akasema lisiguswe, kesho watarudi kuchukua udongo wa chini. Kesho hawakurudi. Keshokutwa pia hawakurudi.

Na kwetu kaburi likishachimbwa halilali tupu. Ikitokea maiti imechelewa njiani, au ndugu wameamua kuzika kwingine, kunazikwa mgomba ndani yake, unatajiwa jina la mtu, unafukiwa, huyo aliyetajwa anahesabiwa kazikwa, watu wanaenda nyumbani. Likiachwa wazi linaita. Linamwita mtu wa nyumba hiyo hiyo.

"Mama, hilo si kaburi. Ni shimo tu," nikamwambia. "Hata padre atakwambia."

"Padre nimemuuliza. Amesema ni shimo tu. Nikamwambia, padre, lingekuwa kwenu ungelala?"

Alitaka kulifukia, lakini mwenyekiti wa kitongoji alishamkemea: hiyo ni kazi ya serikali, ukiigusa ni kesi. Mama akaogopa. Mimi pia niliogopa, sitaki kusema uongo. Niliona wakikasirika watahamisha mstari, watakuja kuichora nyumba yake alama nyekundu ya kubomolewa. Nikamwambia avumilie. Akasema, "Mdogo wako ana mimba, na wewe unaniambia nivumilie."

Hapo ndipo palipokuwa panamuuma. Mdogo wangu ameolewa Bunda. Mimba mbili zilishatoka, hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na miguu ilikuwa imemvimba hata kandambili haziingii. Nilimwambia mama mambo ya mimba ni ya daktari. Nikakata simu, nikarudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Nikafumua, nikashona vile vile tena.

Siku mbili baadaye shemeji akapiga: wamemlaza, presha imepanda, madaktari wanasema huenda wakampasua. Sikumuuliza zaidi. Nilijikuta nimesimama kwa jirani yangu mwenye migomba, nashika panga lake, namwomba anikatie mmoja. Mimi niliyesema ni shimo tu! Mtu akikwambia haamini mambo ya kwao, mngoje ndugu yake alazwe.

Nilichukua bodaboda, mgomba tumeufunga kwa nyuma kwa mpira. Tulipotoka mjini dereva akauliza, "Mama, huo wa kupamba harusi?"

"Wa msiba."

"Pole. Nani amefariki?"

"Bado."

Akaongeza mwendo mpaka tunafika.

Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda pembeni ya shimo, fimbo mkononi, anafukuza kuku wasitumbukie. Alikuwa amekonda. Aliutazama ule mgomba, akanitazama mimi, hakusema "si nilikwambia?" Hiyo ndiyo iliyoniliza. Baba mdogo alikuwepo, na mwenyekiti akaja mbio na kesi zake. Mama akamwambia, "Mwanangu yuko hospitali. Hiyo kesi yako andika jina langu, mimi nitaenda." Mwenyekiti akasimama kidogo, akavua kofia, akachukua jembe. Naye ni mtu wa hapa hapa.

Mama akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Nilikijua. Ndicho alichokiweka sandukuni kwa ajili ya siku yake mwenyewe, na alikuwa akituonyesha kila Krismasi tusije tukamvalisha kingine. Akauzungushia mgomba, akaufunga taratibu kama anambeba mtoto. Tukaushusha.

"Sasa taja jina," baba mdogo akasema. "Mtaje marehemu kaka. Yeye ameshatangulia, halimdhuru."

Mimi pia nilidhani atamtaja baba. Mama akainama, akachukua udongo kiganjani, akasema kwa kikwetu, kwa sauti ambayo hata mwenyekiti aliisikia, jina lake mwenyewe. Lile la kwao, la utotoni, ambalo hata sisi hatumwitagi. Akatupia udongo.

"Shemeji!" baba mdogo akapiga kelele. "Umefanya nini?"

"Nafasi ilikuwa yangu," mama akasema. "Fukieni."

Tulifukia. Jembe langu lilikuwa linagonga mawe. Halafu tukakaa na ile simu katikati yetu, tunaitazama, hakuna aliyekula. Jua lilikuwa linaelekea kushuka ilipolia. Mama akakataa kuishika, akanisukumia. Shemeji wa Bunda alikuwa analia na kucheka, sikuelewa kitu, nikamfokea aseme vizuri. Wamempasua. Mtoto wa kike. Mama yake yuko hai, ameomba uji.

Sisemi ni mgomba. Madaktari wanaijua kazi yao. Lakini sisemi si mgomba pia, na nani atanilazimisha?

Watu wa sevei walirudi wiki iliyofuata. Injinia, kijana mdogo, mpole, akauliza nani amefukia shimo lake. Mama akasema, "Hapo kuna mtu."

"Nani, bibi?"

"Mimi."

Yule kijana akageukia wenzake. Mmoja wao, wa huku huku, akamnong'oneza. Wakasogea mbali, nyuma ya zizi, wakachimba pengine, na mama akasimama juu yao mpaka walipochukua udongo wao na kufukia wenyewe. Treni yenyewe hatujaiona mpaka leo.

Mdogo wangu alipopata nguvu alikuja na mtoto. Mama alikuwa anakikanda kitoto kwa mafuta, kinapiga makelele, na mimi swali lilikuwa limenikaa kooni toka siku ile, maana najua wazee wetu: mahali palipozikwa jina hapachimbwi tena.

"Mama," nikasema, "siku yako ikifika, tutakuweka wapi?"

Hakuinua macho. "Popote. Mimi si nimeshazikwa? Niletee nepi, ziko kwenye kamba ya huko nyuma."

Nikaenda kuanua nepi. Kamba inapita karibu na kaburi la baba. Ilikuwa Jumamosi, na pale kando yake palikuwa pameota majani. Hapakuwa pamefagiliwa.