Namba Isiyo na Nane

Leo mvua imelowesha gunia la makaa mlangoni mwa jengo langu la mtaa wa Mountain View, hili nililolijenga bila cheti chochote cha shule, na ile harufu ikanirudisha kwenye ukuta wetu wa mbao kule Dagoretti. Niliandika pale kwa kipande cha makaa: 12345679. Mwalimu alituonyesha kwamba ukiizidisha kwa tisa unapata 111111111. Baba alikuwa ameshasema mmoja wetu ataacha shule, mimi au kaka yangu, nami nilitaka aone kichwa changu kinafanya kazi.

Akatoka machinjioni na damu kwenye gambuti, akaisoma kwa kidole.

"Sasa wewe, nane iko wapi?"

"Nane haitakiwi, baba. Zidisha na tisa uone."

"Hiyo shule yote unaenda, na kuhesabu imekushinda? Kesho utakuja kuosha matumbo na sisi."

Kuhesabu alijua, kuzidisha hakufundishwa. Akachukua makaa, akaichomeka nane mahali pake, polepole, kama mtu anayenisaidia.

Alipoingia ndani, niliizidisha hiyo yake kwa tisa. Moja zilikuja nyingi, halafu karibu na mwisho ikatokea sifuri. Nikafuta, nikarudia, sifuri ikabaki palepale.