Mbwa Aliyekandwa

Mtaani kwetu Mandewa, mgonjwa anayetoka hospitali huangaliwa kwa hadhi yake. Wakubwa hupelekewa kuku. Watu wa kawaida hupelekewa sukari na sabuni. Mimi, fundi cherehani niliyetolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, nilipelekewa ushauri. Miaka miwili baadaye mbwa wangu naye akatolewa kizazi, na akapata wageni wengi kuliko mimi. Sisemi haya kwa wivu. Nasema kwa wivu kidogo.

Kumpasua halikuwa wazo la anasa. Kila alipoingia joto, madume ya Mandewa nzima yalihamia getini kwangu na kupigana mpaka alfajiri, na majirani waliniletea malalamiko utadhani mimi ndiye niliyeyatumia kadi za mwaliko. Mara tatu alizaa chini ya meza yangu ya kukatia nguo, na mara tatu nikageuka dalali wa mbwa: shona magauni mawili, ondoka na mtoto wa mbwa bure. Wateja wakaanza kushona gauni mojamoja. Ndipo daktari wa mifugo, mwenye chumba chake nyuma ya duka la dawa za mifugo, akaniambia dawa ya kudumu ni moja tu. Yule bwana kazoea ng'ombe, kwa hiyo mgonjwa anayebebeka mikononi, kwake ni sawa na likizo.

Nilimrudisha nyumbani kwa bajaji, kalewa dawa, ulimi nje, nimemfunga kwenye khanga yangu ya zamani. Dereva aliuliza mara mbili kama yu hai, maana maiti, alisema, yeye habebi. Masharti ya daktari yalikuwa mafupi: asikimbie, asiruke, asilowe, asilambe mshono. Mshono ukiachia, alisema, utumbo unaweza kutoka, na hapo mbwa huna. Alilisema hilo huku anatafuta ufunguo wa pikipiki yake. Mimi naishi peke yangu. Huyo mbwa ndiye anayejua naamka saa ngapi na nanuna siku gani, na sina haya kusema kwamba nampenda. Niliogopa sana.

Kwanza nilimtengenezea kola kwa kukata ndoo ya rangi. Akaigonga mlangoni, akaigonga kwenye cherehani, akaigonga kwenye miguu ya mteja, mpaka ikapasuka. Basi nikafanya kile ninachokijua: nikamshonea gauni, lenye matundu manne ya miguu na kamba za kufungia mgongoni. Kitambaa nilichokuwa nacho karibu kilikuwa mabaki ya sare ya harusi, kitenge cha zambarau chenye maua ya manjano. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyowakaa wenye harusi.

Shangazi wa bibi harusi alikuja kujaribisha gauni lake akamkuta mgonjwa kajilaza kibarazani, kavaa sare. Alisimama palepale getini.

"Fundi," akasema, "na huyu naye yuko kwenye kamati?"

Nikamweleza habari ya operesheni. Hasira zikamtoka, huruma ikamwingia.

"Maskini! Kwa hiyo hazai tena? Sasa si amebaki mbwa jina tu?"

Kisha akakumbuka anaongea na nani. Macho yake yakanishuka mpaka tumboni, yakapanda haraka, na akaanza kutafuta simu kwenye mkoba wakati simu ameishika mkononi. Nilichukua futi kamba, nikampima, na kipimo cha kiuno nikakitaja kwa sauti ambayo hata wanaopita njiani walikisikia.

Mama yangu alikuwa Ulemo, kijijini, akitarajia niende kumsaidia mavuno. Nilimpigia simu kumwambia siwezi, nauguza.

"Unamuuguza nani?"

"Mbwa, mama. Katolewa kizazi."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kesho yake nikasikia hodi. Mama huyo, na unga wa uwele, na mlenda mkavu, na jogoo aliyefungwa miguu.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza, kabla hata sijamaliza kusema shikamoo.

Hapa lazima nieleze kitu, la sivyo mtaniona mwendawazimu. Kwetu mwanamke akijifungua, mama yake huja kumkanda. Maji ya moto, taulo, tumbo linakandwa asubuhi na jioni, kisha linafungwa khanga, na mzazi ananyweshwa uji mpaka auchukie. Wadogo zangu wawili wamekandwa hivyo na mama, na mpaka leo wakikutana wanasimuliana ukali wa yale maji kwa majivuno. Nilipopasuliwa mimi, mama alikuja pia. Alipika, alifua, alifagia uwanja mpaka kokoto zikang'aa. Lakini hakunigusa. Wala shuka hakulifunua. Jirani alipomuuliza mbona hamkandi mwanawe, nilimsikia kupitia dirishani akijibu, "Anayekandwa ni aliyezaa."

Najua mshono haukandwi. Nesi alinieleza, na maji ya moto sikuyataka. Nilichotaka ni mama yangu aone kile kidonda, basi. Hakukiona, na miaka miwili hiyo tukawa tunaongea habari za mvua na bei ya alizeti, watu wawili wenye adabu zao. Ndiyo maana nilipomwona anachuchumaa kibarazani kumnywesha mbwa wangu uji wa uwele kwa kijiko, niliingia ndani nikakanyaga cherehani kwa nguvu isiyohitajika.

Siku iliyofuata nilikwenda mjini kununua uzi. Nikamwambia mama, "Asikimbie tu. Hicho tu." Akasema sawa. Na kweli, mbwa hakukimbia.

Niliporudi nilikuta jiko la mkaa kibarazani, sufuria inafuka mvuke, na mbwa kalazwa chali kwenye mkeka, gauni limepandishwa mpaka shingoni. Mama alikuwa amepiga magoti, amejifunga khanga kiunoni, anachovya taulo, anakamua, anamkandamiza tumbo. Huku anamsemesha Kinyiramba, kwa ile sauti niliyokuwa naisikia vyumbani kwa wadogo zangu. Na huyo mbwa, aliyemng'ata msoma mita na kumkimbiza mchungaji, alikuwa amefumba macho, anahudumiwa na hana habari na mtu.

"Mama, unafanya nini?"

"Namkanda."

"Mbwa?"

"Mzazi huyu. Si ulinisimulia mwenyewe kwamba amezaa mara tatu?"

Basi ikawa hivyo. Mbwa ametimiza vigezo, mimi sikutimiza. Nilisimama na mfuko wangu wa uzi, na niseme ukweli, kwa muda huo mshono haukuwa akilini mwangu hata kidogo. Nilimwonea wivu mbwa, wivu wa kweli, unaochoma. Kisha mama akainua taulo, nikaona limekuwa jekundu.

Nilimpigia daktari. Mama alirudi nyuma mpaka ukutani, ameshika taulo lile kwa mikono miwili. Mbwa alianza kujaribu kulamba, nikamshika kichwa, nikamwambia asife, nikamwahidi mambo ambayo hata mume nisingemwahidi.

Daktari alifika na pikipiki yake, uso umevimba kwa hasira. Alishuka akiwa tayari kugomba. Kisha akamwona mama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri bibi."

"Watoto hawajambo? Mifugo je? Na huko kwenu mmevuna?"

Watoto walikuwa hawajambo, mifugo nayo haijambo, na mavuno si haba. Mbwa anavuja damu katikati yetu, gauni la harusi shingoni, na salamu zinaendelea mpaka mwisho wake halali. Na ukishamwamkia mtu mzima shikamoo akakuitikia, huwezi tena kumgombeza. Kwa hiyo daktari alinigeukia mimi. Alinigomba kwa niaba ya wote waliohusika. Wewe fundi, wewe mtu wa mjini, unaachaje mshono ukakandwa? Hujui maji ya moto yanalegeza nyuzi? Ungeweza kumuua huyu mbwa, unajua? Niliinamisha kichwa, nikapokea, na mama pale ukutani akawa anatikisa kichwa kunisikitikia.

Tulimlaza juu ya meza yangu ya kukatia. Nyuzi za ngozi ndizo zilizoachia. Za ndani, daktari alisema, zimeshika. Atapona akiachwa apone. Alipoanza kumshona upya, mama alisogea, akakishika kichwa cha mbwa, akakiegemeza kwenye mkono wake, na hakutoka pale mpaka fundo la mwisho. Alikuwa anautazama ule mshono muda wote, sindano inaingia, sindano inatoka. Sikumwona akipepesa.

Daktari akaondoka. Mama akamwaga yale maji uani, akaosha sufuria, akaiosha tena. Nilijua ningenyamaza, angeanza kuongea habari za alizeti.

"Mama," nikasema, "mbwa umemkanda. Mimi hukunikanda."

Akaendelea kusugua sufuria.

"Hukufunua hata shuka. Nililala pale nakusubiri. Kila ukiingia na chai nasema sasa ataniangalia, unaweka kikombe unatoka. Safari hii umetoka Ulemo kuja kumkanda mbwa."

Nilidhani atanigombeza. Mama yangu si mtu wa kuambiwa maneno na akayaacha chini. Aliweka sufuria, akajifuta mikono kwenye khanga, na alipoongea hakunitazama.

"Wewe ni fundi," akasema. "Gauni likifumuka, mteja anamrudia nani?"

"Mimi."

"Basi. Wewe nilikushona mimi. Wadogo zako wako salama, wewe wa kwanza, nilipokuwa sijui kitu, ndiye uliyeharibika. Kile kizazi nilikupa mimi. Walipokitoa, ningekuja kukutazama kwa macho gani?"

Miaka yote hii kwenye cherehani sijawahi kukosa jibu la kumpa mtu aliyerudisha nguo. Nina majibu ya kitambaa kibovu, majibu ya uzi wa magendo, majibu ya mteja aliyenenepa na kunisingizia mimi. Hapo nilikosa. Nilikuwa nimemkasirikia miaka miwili kwa kutonijali, na kumbe miaka miwili hiyo alikuwa anajificha.

"Kitambaa kilikuwa kizuri, mama," nikasema. "Uvimbe tu. Daktari alisema unatokea tu, haujali umezaliwa na nani."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Alianza kulia, na mimi nikaanza, wanawake wawili wazima kibarazani mchana kweupe, na majirani wa Mandewa wasivyo na haya. Nikapandisha blauzi. Nikashusha sketi kidogo, mpaka kovu lote likaonekana, kuanzia huku mpaka kule, na pale katikati lilipojikunja.

Mama akasogea. Akainama, akaliangalia kwa karibu, akafuata mstari wake kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akavuta kamasi, akasonya.

"Huyu aliyekushona hajui kushona," akasema. "Huyu wa ng'ombe amemshinda."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, machozi bado yanamtoka. Halafu akaweka kiganja chake juu ya kovu, kina joto kama la yale maji, na hakukanda. Alikiacha hapo tu.