Mkono Unaosubiri Kujibiwa

Clarrie Trezise hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakujali. Au ndivyo tulivyodhani sisi wa Kurrawill, mji mdogo wa wakulima wa ngano. Mwamuzi wa kriketi apendwe na nani? Ukubwa jalala, wanasema, basi uamuzi ni jalala pamoja na nzi wake. Jumamosi nzima umesimama juani katikati ya uwanja, koti jeupe mwilini, upepo wa kaskazini unakukausha midomo, na watu wazima wenye mashamba na wajukuu wanakupigia kelele utadhani umewaibia kondoo.

Lakini waamuzi wetu wote, wazuri na wabovu, wamepita mikononi mwake. Aliwafundisha jioni za Jumanne, katika kibanda cha klabu chenye paa la bati. Mwaka huu walijitokeza wawili tu: Lorelle Pech, dereva wa basi la shule, mwenye ulimi kama wembe, na Gurnam Dhaliwal, Mpunjabi anayeendesha lori la ngano, mtu mpole mwenye kilemba cha buluu.

"Mpira umefika mpakani, mpigaji amepata alama nne," Clarrie aliwauliza. "Unafanyaje?"

Gurnam akapunga mkono mbele ya kifua, huku na huku.

"Halafu?"

"Halafu tunaendelea, anko."

"Tunaendelea wapi? Karani wa alama amekujibu? Unamgeukia pale mezani, kando ya uwanja, unamtolea ishara, unasubiri. Mpaka anyanyue mkono kwamba ameona. Asipojibu unasimama hapo hapo, hata jua lizame."

"Akishajibu na mimi nampungia?" Lorelle aliuliza.

"Humpungii! Hapa si stesheni, Lorelle, humuagi mtu. Ishara, jibu, unageuka, kazi inaendelea."

"Haya baba, usinile."

Clarrie alikuwa amesema kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika, na mwenyewe alijua kwa nini. Miaka na miaka karani wa alama hapa kwetu alikuwa mkewe, Nance. Clarrie aliwahi kumnung'unikia kwamba mkono wake hauonekani toka katikati, basi Nance akaanza kuja na kitambaa cha kufutia vyombo, cheupe chenye mistari myekundu. Clarrie akitoa ishara, kitambaa juu. Clarrie anageuka. Wakati wa mapumziko, wengine wakila sandwichi za mayai kivulini, yeye alikunywa chai peke yake nyuma ya gari la kushindilia nyasi. Hata mkewe hakumkaribia, watu wasije wakasema amenong'onezwa.

Siku moja, wakirudi nyumbani garini, Nance alimwambia, "Leo nimekupungia mpaka bega linauma. Na wewe ungenipungia hata mara moja, ungekufa?"

"Sheria hairuhusu."

"Wala haikatazi. Nimeisoma."

"Watu wangesemaje?"

Nance alicheka mpaka wakafika getini. Sasa yuko makaburini kwenye barabara ya maghala ya ngano, na huu ni mwaka wa tatu.

Tangu hapo, Jumapili mpaka Ijumaa Clarrie alizungumza na mbwa, na mbwa naye akafa majira ya baridi. Zikabaki Jumanne, ambazo ni za majira ya kriketi tu, na Jumamosi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Pale katikati, watu walimkasirikia, walimsihi, walimtania, na jina lake lilitajwa mchana kutwa. Hata tusi ni maneno, jamani. Aliwahi kumwambia Gurnam waziwazi, "Siku nikitolewa pale katikati, sina pengine pa kusimama." Hata makarani wa siku hizi, wapigaji wanaongoja zamu zao na vichwa vimezama kwenye simu, aliwavumilia. Alikaa na mkono hewani, akingoja, mpaka mtu fulani amguse karani begani.

Kisha ikaja mechi na watu wa Wirrabeen, mji jirani.

Mrushaji wetu alikuwa Heath Noske, kijana mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika. Alirusha mpira wa kasi, ukaukwangua ukingo wa gongo, mdakaji aliyekuwa nyuma ya vijiti akaudaka kabla haujagusa chini. Hapo mpigaji ametoka, hakuna mjadala. Ila mkwaruzo kama ule mara nyingi jicho haliuoni. Ni wa kusikia tu, na mwamuzi amewekwa pale kwa ajili hiyo.

"Vipi huyo?!" uwanja mzima uliruka, ukimdai mwamuzi amtoe.

Clarrie alitikisa kichwa. "Hajatoka."

"Mzee! Hujasikia?"

"Hakukuwa na cha kusikia."

"Loo! Ng'ombe wa baba kule wameinua vichwa, wewe hujasikia? Kweli sikio la kufa halisikii dawa!"

Watu wakaangua kicheko. Clarrie alikuwa amezoea vicheko. Kilichomchoma ni yule mpigaji. Kwetu mpigaji hajitoi. Hungoja kidole cha mwamuzi, na akinusurika anashukuru Mungu anaendelea. Huyu aliendelea, ndiyo, ila alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu aliyenusurika kwa haki hatazami viatu.

Jumanne iliyofuata lilikuwa somo la masikio. Ni mtindo wa Clarrie mwenyewe, sijauona kwingine. Wanafunzi hugeukia ukuta. Yeye, nyuma yao, hukwaruza mpira taratibu kwenye ukingo wa gongo, au kwenye glavu, au kwenye pedi ya mguuni, na wao hutaja ni kipi.

"Gongo," alisema Gurnam. "Pedi. Glavu. Gongo."

"Pedi," alisema Lorelle. "Hapana, ngoja, glavu. Mzee, unagusa kama unambembeleza paka!"

Wakafaulu wote wawili. Kwa kawaida hapo huchemshwa chai. Clarrie akabaki ameushika ule mpira, anaugeuzageuza. Kisha akampa Gurnam, na gongo juu yake.

"Nipime na mimi."

"Wewe, anko? Wewe ni mwalimu."

"Nipime."

Akageukia ukuta. Mbele yake kulikuwa na msumari usio na kitu, na nzi anayeuzunguka. Alimtazama yule nzi akitua na kuruka, na ilimchukua muda kutambua kwamba nzi huyo hana sauti. Akangoja. Jasho likamtoka mgongoni.

"Anza basi, Gurnam. Usinionee haya."

Kimya.

"Gurnam!"

Aligeuka. Lorelle alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Gurnam ameinamisha kichwa, mpira mkono mmoja, gongo mkono mwingine.

"Nimeshamaliza, anko," alisema.

Lorelle ndiye aliyejitutumua. "Si kuna kile kidude cha kuvaa sikioni? Mama yangu anacho."

"Ninacho, kiko kwenye droo. Nyumbani kinafaa. Uwanjani upepo ukikipuliza nasikia treni."

"Hatutamwambia mtu," Gurnam alisema kwa haraka. "Haki ya Mungu. Mwamuzi gani hakosei?"

Clarrie alimtazama. Alilitaka neno hilo, nisiseme uongo. Alilitaka kama mtu mwenye kiu. Lakini akatikisa kichwa.

"Huko si kukosea. Mwamuzi anayebahatisha ni mwizi aliyevaa koti jeupe. Jumamosi utasimama wewe."

Akaenda nyumbani. Huko alilia, mtu mzima, amekaa kwenye kiti cha jikoni na kofia bado kichwani.

Jumamosi alikusudia kutokwenda. Asubuhi alikata majani yaliyokwisha katwa, akaosha gari lililo safi. Saa sita nyumba ikamshinda. Kuandika alama ni kazi ya macho, alijiambia, na macho bado ninayo. Akafungua kabati la jikoni, akatoa kitambaa cha mistari myekundu. Kule uwanjani aliyekuwa karani alimwachia kiti kwa furaha isiyo na adabu. Lorelle, ambaye zamu yake ya uamuzi haikuwa imefika, akaja kukaa kando yake.

Gurnam alikuwa katikati, mikono ya koti la Clarrie imeishia karibu na viwiko. Haikuchukua muda, mpira ukapigwa, ukabiringika mpaka mpakani. Gurnam akatoa ishara ya nne, akaigeukia meza, akasubiri, sawasawa kama alivyofundishwa.

Clarrie alinyanyua kitambaa.

Hakuwahi kuketi pale hata siku moja. Hakujua kama katikati ni mbali hivyo. Uso wa mtu hauonekani. Unaona koti na mkono basi. Akawaza miaka yote ile Nance ameketi hapa akimnyanyulia kitambaa mtu aliyemgeuzia mgongo kila mara, akaona aibu iliyompanda mpaka shingoni.

Gurnam alipaswa kugeuka. Hakugeuka. Aliinua mkono wake wote juu, akapunga, kwa nguvu, kama mtu anayempokea ndugu yake.

"Mwamuzi, unamuaga nani?" Noske alipiga kelele. "Treni ilishaondoka zamani!"

Lorelle alimsogelea Clarrie upande wa sikio lenye afadhali. "Hilo ni kosa, sivyo? Jumanne utamsema?"

"Mwache," Clarrie alisema. "Nance aliniomba hicho hicho tu, nikamnyima."

Gurnam alikuwa ameshageuka, na mrushaji ameanza kukimbia. Clarrie alikuwa bado hajakishusha kitambaa.