Mhawai wa Georgia

Jina alilopewa na mama yake ni Ozell Gatlin. Jina lililowashiwa taa mbele ya hoteli kubwa katikati ya Chicago lilikuwa Mwanamfalme Kalani Moa wa Hawaii. Hiyo Hawaii yenyewe hakuwahi kuitia machoni, na maji makubwa ya kwanza kuyaona maishani mwake yalikuwa ya ziwa la Michigan, ambayo hata chumvi hayana. Cheka ukitaka. Watu weusi wa Upande wa Kusini wa mji ule walicheka kabla yako, wakacheka miaka kumi na tisa mfululizo, na hawakumwambia mzungu hata mmoja kilichokuwa kinawachekesha.

Kwa Mama Lutisha alikuwa mtoto wa sita, kitinda mimba. Huko Georgia walikozaliwa, kanisa lao la Utakatifu halikuwa na kinanda, kwani kinanda ni cha makanisa yenye fedha. Wao walikuwa na gitaa la kulaza mapajani, lile ambalo mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka likalia kama mtu mwenye koo. Mjomba wake alimfundisha akiwa na miaka saba, na kazi ya gitaa kanisani ilikuwa moja tu: Mama Lutisha akianza wimbo, gitaa limfuate, akikata pumzi, gitaa lidake pale alipoachia. Mtoto akitangulia, mama alimkata jicho katikati ya wimbo, na nje ya kanisa alimuuliza, "Mimi nilikuwa sijafika bado. Wewe ulikuwa unamkimbilia nani?"

Wakahamia Chicago kutafuta kazi za viwandani, na kazi zikawatangulia kuondoka. Mwaka wa 1932 Ozell aliingia ofisini kwa bwana mmoja wa kutafutia wanamuziki kazi, gitaa limefungwa kwenye shuka, tumbo halijapata kitu tangu jana yake. Yule bwana akamsikiliza, akamtazama nywele zilizolainishwa kwa dawa, akamtazama na rangi yake ya maji ya kunde.

"Wateja wangu wanalilia gitaa la Hawaii kila siku," akasema. "Mweusi siwezi kumpeleka kule, watanirudishia. Wewe kwenu wapi?"

Ozell akasema, "Hawaii."

"Sikuuliza zaidi," akasema yule bwana, "na wewe usinieleze zaidi."

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema. Hiyo ya Ozell ilikuwa ndefu, tena ya lami. Alivishwa shada la maua ya karatasi, akapewa kiti cha ukindu, akaanza kupiga. Nyimbo za Hawaii alikuwa hazijui, basi alichukua zile za mama yake, akazivuta taratibu, akazitilia maneno ya kubuni yenye irabu nyingi. Wazungu wakacheza mashavu yamegusana, macho wamefumba, kwa wimbo wa mwenye dhambi anayeomba toba. Haki ya Mungu, hata shetani angeona haya.

Siku moja Mhawai wa kweli, Samuel Kaeo, mpiga besi aliyekuwa anapita mjini, alibisha chumbani kwake na kumsemesha kwa lugha ya kwao. Ozell akatoa macho. Kaeo akacheka mpaka akaketi. "Bwana wee, hilo jina nani alikupa? Moa ni kuku. Wewe ni Mwanamfalme Kuku." Jasho likamtoka Ozell. Kaeo akamgonga bega. "Tulia. Mimi wananiambia nivae majani kiunoni, na baba yangu ni fundi saa. Kula mkate wako, Kuku." Akaenda zake, wala hakumsema popote.

Na wahudumu weusi wa hoteli ile je? Siri ya mtungi aijuaye kata. Usiku wa kwanza tu, alipotelezesha chuma chake mara ya kwanza, msafisha vyombo alisimama na sahani mkononi akasema, "Huyo mtu wa kanisa huyo." Jikoni wote wakakubali. Basi ikaisha. Walikuwa na desturi yao kuhusu mtu wao aliyevuka ng'ambo ya pili, akaishi kama si mweusi: ukimkuta njiani humsalimu, humwiti, na akikuangalia wewe angalia kwingine. Si kwa chuki. Ni kwa sababu salamu yako moja inaweza kumnyang'anya chakula. Hata Verlene, dada yake mshona nguo, alipokutana naye barabarani ameshikana mkono na mkewe mzungu, alisimama kutazama viatu dirishani mwa duka mpaka wakapita. Jumatatu iliyofuata akamwambia, "Kofia ya mkeo nzuri. Mwambie asiivae na koti lile."

Jumatatu alikuwa hana kazi, akija kwa mama kwa mlango wa uani, saa nne asubuhi. Mama humkaangia kuku, humkatia mkate wa mahindi, kisha husema, "Haya, lete," naye hulilaza gitaa mapajani na kumfuata. Saa sita anaondoka. Irma, mkewe, alijua anakwenda kumjulia hali mwanamke mweusi mzee aliyempangisha chumba alipofika mjini mara ya kwanza. Irma hakuwa mtu mbaya, usimchukie. Alikuwa binti wa mwoka mikate wa Kijerumani, aliyepigana na baba yake ili aolewe na Mhawai, akashinda kwa shida. Ozell alijua kabisa vita hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe uliishia kwa Mhawai, haukumfikia mweusi.

Mkataa kwao mtumwa: methali yetu hiyo, na nzuri. Lakini hebu isome mbele ya watu ambao babu zao waliuzwa kweli, wakahesabiwa pamoja na ng'ombe, halafu uwaeleze ni nani aliyekataa kwao na ni nani aliyekataliwa. Mimi niliwahi kuisema mezani kwa mmoja wao. Sikupewa chakula cha pili.

Mama Lutisha alifariki mwezi wa tatu mwaka 1951, Jumanne, siku moja baada ya kumbakiza mwanawe kwa hila mpaka saa saba. Ozell aliambiwa na msafisha vyombo yuleyule, aliyepita karibu na kiti chake na trei, akasema bila kugeuza shingo, "Pole. Mama amepumzika." Akapiga nyimbo nne zilizobaki, akainama, akapigiwa makofi.

Kesho yake alimkuta Verlene mezani kwa mama, kalamu mkononi, anaandika wasifu wa kusomwa mazikoni.

"Umeandika watoto wangapi?" akamuuliza.

"Mama kazaa wangapi?"

"Verlene, nisikilize. Irma atakuwepo."

Kalamu ikasimama. "Unamleta? Hapa kwetu?"

"Kasema atakuja, kwamba ni adabu. Nitamzuiaje? Anajua mama alinipangisha chumba."

"Alikupangisha, ndiyo," akasema Verlene. "Miezi tisa. Na kodi hukulipa."

"Dada yangu, nakuomba."

"Kitu kimoja aliniambia kabla hajafumba macho. Kimoja, Ozell! Hakudai maua wala sanduku la shaba. Kasema, 'Siku hiyo mnitajie wanangu wote, Mungu anasikiliza.' Miaka yote hii hakukudai kitu. Sasa mimi nikasimame nimtie uongo jenezani?"

Ozell alisema tu kwamba jina likisomwa Irma atalisikia, na Irma akilisikia ataondoka, na baba mtu atahakikisha hoteli inasikia pia, na yeye ana miaka arobaini na kazi nyingine haijui. Alisema yote hayo akilia, na Verlene, ambaye ni mkali lakini si jiwe, akakata mstari mmoja kwa kalamu yake. Akaukata taratibu sana. "Nenda," akamwambia. "Kaa na wageni."

Kanisa lao lilikuwa duka la samani zamani, na siku hiyo lilijaa mpaka ukutani. Mhudumu wa mlangoni, mama mwenye glavu nyeupe aliyemfahamu Ozell tangu akiwa na kamasi, akawapokea. "Karibu, Bwana. Karibu, Bibi. Wageni wetu huku." Akawakalisha benchi la nyuma. Watu mia mbili ndani, na hakuna aliyegeuka. Ndugu zake watano walikuwa benchi la mbele. Alikuwa anaviona visogo vyao tu.

Ikafika zamu ya kumuaga. Jamaa wakapita mbele ya sanduku, ndugu zake wakawa wa mwisho, kila mmoja akagusa mkono wa mama kama ipasavyo. Kisha msimamizi wa mazishi akashika mfuniko. Mchungaji akainua kiganja, amngoje. Akatazama dari. Akasema, "Marafiki waliokwishapita, anayetaka kupita tena apite."

Nakwambia, walisimama wote! Vikongwe wenye magoti mabovu, akina mama wenye watoto mapajani, wote waliokwisha kuaga robo saa iliyopita, wakainuka kuaga upya, wakajaza njia mpaka benchi la nyuma, ili mtu mmoja apite kati yao asionekane. Wakambeba kama maji. Akajikuta mbele ya mama aliyevishwa gauni jeupe, mdomo umekazwa. Hakumgusa. Mgeni hagusi. Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyowainamia wateja, na mtu nyuma yake akamsukuma kwa upole, "Twende, Bwana." Akarudi kwa mkewe. Mfuniko ukashuka.

"Watu wana upendo hawa," Irma akamnong'oneza, macho yamelowa.

Verlene akasimama na karatasi. Akasoma mama alizaliwa wapi, aliokoka lini, alifua nguo za watu miaka mingapi. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ameacha watoto watano," akasema, akawataja, na kwa kila jina kanisa likaitika, "Ndiyo, Bwana." Jina la tano likaitikiwa. Verlene akakata pumzi kwenda mstari unaofuata.

"Sita."

Ozell mwenyewe hakujua kama amesimama. Irma akamshika mkono wa koti. "Kalani, keti, mpenzi wangu."

Verlene hakuinua macho. Mchungaji akawahi haraka, "Mgeni wetu amezidiwa na uchungu, wapendwa, tumwombee." Na papo hapo mama mmoja akaanza kuvuma wimbo, na wa pili, na kanisa zima likavuma kwa sauti nzito, likapandisha, likapandisha, limfunike yule mwanamume na neno lake kabla halijamfikia mwanamke wa Kijerumani. Walikuwa wanamwokoa. Miaka kumi na tisa walimwokoa hivyohivyo. Na yeye, maskini, ilimbidi apaze sauti dhidi ya huruma ya watu wake mwenyewe.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Jamani, nyamazeni! Mimi ni Ozell. Amezaa sita. Mimi ndiye wa sita."

Mvumo ukafa polepole, benchi moja baada ya jingine.

Akamgeukia mkewe. "Irma, sikupanga chumba kwake. Ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa, huko Georgia. Hawaii sijawahi kufika."

Irma akamtazama, kisha akatazama benchi la mbele, vile visogo vinne vilivyobaki, kimoja kimoja, na wenyewe sasa walikuwa wamegeuka, na kila uso ulikuwa na paji la mumewe. Akautoa mkono wake kwenye koti. Hakupiga kelele wala hakutukana. Aliinuka, akakosea mlango, akaelekezwa, akaenda.

Yule mama mwenye glavu nyeupe akamfuata mpaka kizingitini. Kanisa zima lilisikia alivyomwambia, maana hapakuwa na anayepumua. "Mwanangu, leo umefiwa na mama mkwe wako na hata sura yake hukuijua. Pole sana. Usiende barabarani hivyo, simama hapa kwanza na mimi."

Ozell alibaki wima, mikono inaning'inia. Verlene akamtazama sasa, kwa yale macho ya mama yao.

"Wewe uliyesimama huko nyuma," akasema, "njoo ukae kwenu. Siwezi kusoma jina la mtu aliyekaa na wageni."

Akatembea njia ile yote. Kaka zake wakasogea, wakabanana, pakapatikana nafasi ya nusu mtu, akakaa hiyohiyo. Verlene akakunjua karatasi, akajifuta pua, na hakuendelea pale alipoachia. Alianza upya kabisa, mama kuzaliwa, mama kuokoka, nguo za watu. Huko mlangoni zikasikika hatua za viatu vya kike, kwenda au kurudi haikujulikana. Ozell hakugeuka kutazama, kwa sababu dada yake alikuwa ameshafika kwenye watoto na anawataja mmoja mmoja, na yeye alikuwa wa mwisho.