Mwalimu wa Mazingaombwe ya Namba

Nilipokuwa mtoto mjini Homa Bay niliamini kwamba ndani ya kile kilima chenye ncha kilicho nyuma ya mji kulikuwa na shule. Si shule ya kengele na viboko kama yetu. Ilikuwa shule ya wachawi, lakini wachawi wazuri, waliovaa makoti marefu na kujifunza namna ya kuifukuza mvua iende ikanyeshe kwa jirani. Sikuambiwa na mtu. Niliitunga mwenyewe nikiwa nimekaa nyuma ya meza ya baba sokoni, yeye akiuza mitumba na mimi nikilinda soksi. Kila mwalimu wa shule hiyo nilimpa somo lake. Somo la namba nilijiwekea mimi, kwa sababu ndilo somo pekee ambalo sikuwahi kulilia.

Nilisoma mpaka kidato cha pili, karo ikashinda, nikarudi kwenye soksi. Halafu, miaka ya tisini ikiwa katikati, mtu wa kanisani kwetu akamwambia baba kwamba huko Macalder, upande wa Migori, kuna shule ya msingi inayotafuta wa kufundisha hesabu madarasa ya chini, hata kama hajasomea ualimu. Nilikuwa sijafika miaka ishirini. Nilifunga nguo zangu, nikachomoa koti moja la mvua la rangi ya kahawia katika marundo ya baba, koti refu lililobaki na kifungo kimoja, nikaondoka nikiimba.

Kule nilipewa chumba kimoja nyuma ya ofisi. Siku za kazi kulikuwa na kelele za watoto na nilikuwa sawa. Ijumaa mchana walimu wengine walifunga mifuko yao wakaenda makwao, huyu Migori, yule Sori, na uwanja ukabaki wangu na mbuzi wa majirani. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kwa maana baba hakuwa mtu wa huko, na Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni tu. Ningeweza kukuuzia soksi vizuri sana, lakini kukuuliza umeamkaje moyoni, hapo maneno yaliniishia. Watu walinisalimia, nikawasalimia, tukatabasamu, wakapita.

Ijumaa hiyohiyo ndiyo aliyonikabidhi hedimasta. Mchana wa Ijumaa watoto wengi walitoroka kwenda mtoni kuwasaidia wazazi kuosha mchanga wa dhahabu. Waliobaki ni wale ambao kwao hakuna mwenye shimo la dhahabu, au walikuwa wadogo mno kubeba karai.

"Mwalimu, wewe hao waliobaki washike," akaniambia. "Wafanyie klabu."

"Klabu ya nini, hedimasta?"

"Ya kutopigana."

Basi nikavaa koti langu nikafungua ile shule ya kilimani.

Niliwaambia kwamba wamechaguliwa, kwamba chumba hiki Ijumaa si darasa la nne tena, ni chumba cha Mazingaombwe ya Namba, na mlangoni haingii mtu mpaka ataje namba inayogawanyika kwa tatu. Kijana mmoja akasema kumi. Nikamrudisha nje. Akarudi na kumi na mbili, kifua mbele kama mbunge. Kila mmoja nilimpa cheo: Bwana wa Tisa, Mama Sifuri, Mlinzi wa Namba Shufwa. Niliwaonyesha jinsi vidole vinavyojua jedwali la tisa: ukitaka tisa mara nne, kunja kidole cha nne, vitatu vimebaki upande huu, sita upande ule, thelathini na sita. Walikunja vidole mpaka vikauma. Nilichora chini kwa kijiti vile vyumba tisa vyenye namba moja hadi tisa, ambavyo ukijumlisha kwa kulala, kwa kusimama au kwa mshazari unapata kumi na tano tu.

"Mwalimu, hii ni uchawi ama ni hesabu?" akauliza Mama Sifuri.

"Ni hesabu iliyovaa koti."

Walicheka. Njiani wakawa wanawapigia kelele wenzao wa mtoni: "Nyinyi osheni mchanga, sisi tunasoma uchawi!"

Miongoni mwao kulikuwa na msichana wa darasa la tano, mwembamba, aliyekuwa akiishi na nyanya yake kwa sababu wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki. Wenzake wakishatoka mbio yeye alibaki kufuta ubao, akiufuta polepole sana, kisha akaniuliza bila kunitazama, "Leo kule ndani ya kilima wanakula nini?" Nami nikatunga. Samaki wanaojikaanga wenyewe. Uji usiopoa mpaka uutukane. Aliuliza swali juu ya swali, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu niliyoyapata wiki nzima. Jumatatu nilikuwa nimeshaanza kuingoja Ijumaa. Bila Ijumaa sijui Macalder ningekaa kwa ajili ya nini.

Ijumaa moja nilitaka kuwafundisha mazingaombwe ya namba iliyofichwa. Mtu anaficha namba kichwani, anaizidisha kwa mbili, anaongeza kumi, anagawanya kwa mbili, ananipa jibu, nami naitoa ile namba yake kama kuku ndani ya kofia. Siri yake ni ndogo, unatoa tano tu. Lakini nilijua wakificha namba yoyote watadanganya, watabadilisha katikati ya njia. Nikasema wafiche kitu cha kweli, kisichobadilika.

"Ficheni namba ya watoto waliozaliwa kwenu."

Chumba kikanyamaza. Nilidhani wanahesabu. Bwana wa Tisa akaanza kuchora mezani kwa kucha. Msichana yule akainua mkono, juu kabisa, mpaka akasimama.

"Zidisha kwa mbili," nikamwambia. "Ongeza kumi. Gawanya kwa mbili. Umepata ngapi?"

"Kumi na mbili."

Nikazungusha koti. "Saba!"

Yeye peke yake ndiye aliyetabasamu. Mlinzi wa Namba Shufwa, ambaye alikuwa mkubwa wao, akachukua mkoba wake. "Mwalimu, watu hawahesabiwi," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonya mtoto asishike moto. "Ng'ombe ukihesabu, wenyewe wanakasirika. Sasa watu?" Akatoka, na wengine nyuma yake. Nilikuwa nimewahi kusikia jambo hilo Homa Bay, kwa mbali, kama mtu anavyosikia matangazo ya redio ya jirani. Kwetu baba alituhesabu kila asubuhi kabla ya kufungua meza, tena kwa kidole.

Mwisho wa wiki mdogo wa yule msichana, kasichana ka miaka kama mitatu, akashikwa na malaria, homa ikampanda mpaka akatetemeka. Jumatatu habari ilikuwa imefika shuleni kabla yangu. Watoto walipita mbali nami, karibu na ua. Nyuma ya choo nikasikia jina langu jipya: "Mwalimu Saba huyoo, usimwonyeshe vidole, atavihesabu!" Hata mimi ningecheka kama lingekuwa jina la mtu mwingine. Msichana mwenyewe hakuja shule. Nilifundisha kutoa na kujumlisha nikitazama nafasi yake, na mawazo yalikuwa kule kwao, kwa huyo mdogo ambaye sikuwahi kumwona.

Nyanya yake alikuja katikati ya wiki, wakati wa chakula cha mchana. Mama mrefu, leso mbili, kandambili za rangi tofauti. Akasimama mlangoni pa chumba changu.

"Wewe ndiye wa saba?"

"Ndiye mimi, Dani." Hivyo ndivyo huko wanavyomwita bibi. "Mtoto anaendeleaje?"

"Asubuhi amekunywa uji. Amedungwa sindano juzi na jana. Anamtukana kila mtu, kwa hivyo anapona." Akaingia, akakaa kitandani kwa sababu hapakuwa na pengine. "Nimekuja kukuangalia. Nilitaka nione kama una macho mabaya."

"Ninayo?"

Akaniangalia. "Una macho ya njaa tu. Unapika?"

"Napika, Dani."

"Uongo. Sasa sikiliza, nyathina, mwanangu. Mali ndiyo inahesabiwa, kwa sababu mali inauzwa. Wewe mtoto ukimhesabu unataka kumpeleka soko gani?"

Nikamwambia sikujua, kwamba ulikuwa mchezo, kwamba baba yangu alituhesabu na tulikua wote. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Baba yako ana mambo yake. Na mimi najuaje kama wangu wamerudi wote? Jioni nawaita. Namwita huyu, anaitika. Namwita yule, anaitika. Hakuna namba hapo." Akarekebisha leso. "Tena hiyo saba yako haikuwa ya ukweli. Njoo kwangu jioni, hutawapata hao wote. Huyu mtoto amewachanganya walio hai na waliolala. Nyumbani hatuwataji waliolala. Yeye amewaleta huku kwako, akawaweka ndani ya hesabu."

Nikaukumbuka ule mkono ulioinuka, na lile tabasamu niliposema saba. Machozi yangu huwa karibu, hayahitaji kuitwa mara mbili.

"Usilie, japuonj," akasema, akitumia neno lao la mwalimu. "Mwalimu akilia watoto watajifunza nini?"

"Utamruhusu arudi?"

Swali hilo lilinitoka kabla sijalipanga. Nadhani alilisikia lilivyokuwa, kwa maana aliyazungusha macho chumbani mwangu, polepole, tangu jiko mpaka msumari wa koti.

"Atarudi. Lakini uhesabu vitu visivyopumua. Hao wengine wana wenyewe, siwezi kuwasemea."

Ijumaa ilipofika nilivaa koti mapema. Nilichora vile vyumba tisa ubaoni, nikavifuta, nikavichora vizuri zaidi. Saa nane ikapita. Kutoka mtoni zilikuja sauti za watoto na makarai, na nilimtambua Bwana wa Tisa kwa kicheko chake. Mwaka mzima alikuwa akisema yeye hawezi kuosha mchanga, mgongo unamuuma. Nilikaa juu ya meza ya mwalimu nikining'iniza miguu.

"Ishirini na moja," sauti ikasema mlangoni.

"Inagawanyika. Ingia."

Msichana akaingia. Akatazama huku na huku, akaelewa, wala hakuuliza wako wapi. Akaja moja kwa moja mbele. "Leo mimi ndiye mwalimu. Toa koti."

Nikampa. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Mimi nikaenda nikakaa pale pake.

"Ficha vikombe ulivyo navyo kwako," akaamuru. "Havipumui. Zidisha kwa mbili. Ongeza kumi. Gawanya kwa mbili. Usinidanganye, uchawi unakataa."

"Sita," nikasema.

Akakunja vidole ndani ya mikono mirefu ya koti. Akakunja tena. "Moja?"

"Moja. Umepata, hongera!"

"Haya, sahani. Zidisha."

"Sita."

Akaniangalia. "Kijiko, je?"

"Sita, Mwalimu," nikasema, nikijaribu kufanya sauti ya furaha, na kwa kweli nilikuwa na furaha, alikuwa amekuja.

Hakucheka. Akavuta kamasi, akapandisha mikono ya koti. "Pengine nimekosea njia."

"Hujakosea."

"Basi chukua kitu ulicho nacho kingi. Kingi sana. Fikiri."

Nilifikiri. Nilizunguka chumba changu chote kichwani, nikatoka nje, nikarudi Homa Bay kwenye soksi za baba, ambazo hazikuwa zangu. Mwishowe nikachukua kilichokuwa mbele ya macho yangu. Nikazidisha, nikaongeza, nikagawanya.

"Kumi na tisa."

Alitoa tano kwa midomo. Kumi na nne. Akainua macho, akayapitisha juu ya madawati matupu, safu moja baada ya nyingine, mpaka akanifikia mimi nilipokaa.

"Hayo si yako, Mwalimu," akasema.

Nilimwambia amepata tena, na hesabu yake ilikuwa safi. Kisha nikamwomba aendelee kufundisha.